Usawa chuoni: anzia kwenye ratiba, fomu na mlango

Nilipokabidhiwa kazi ya kuratibu masuala ya jinsia na wanafunzi wenye mahitaji maalumu katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, kitu cha kwanza nilichopewa kilikuwa sera. Jalada la bluu, nembo ya chuo, dibaji ya Makamu Mkuu wa Chuo. Wiki hiyohiyo binti mmoja wa mwaka wa pili anayetumia kitimwendo alikosa testi. Mhadhiri alikuwa ameihamishia ghorofa ya pili, taarifa ikapita kwenye grupu la WhatsApp la darasa saa tatu usiku, na testi ilikuwa saa mbili asubuhi. Alifika mapema, akakaa chini ya ngazi, akawa anawasikia wenzake wakiburuta viti juu ya kichwa chake. Ndani ya lile jalada la bluu kulikuwa na ukurasa mzima kuhusu haki yake ya kufanya mtihani.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa mambo madogo: funguo, ratiba, fomu, tarehe. Huko ndiko watu wanakofungiwa nje, na huko ndiko unakoweza kuwafungulia bila kusubiri kikao cha Seneti. Ninayemwandikia hapa ni mkuu wa idara, mratibu wa dawati la jinsia, mshauri wa wanafunzi, au kiongozi wa serikali ya wanafunzi ambaye bajeti yake ni karatasi na kalamu.

Sheria zipo upande wako. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao. Mkubwa akikwambia "hilo tutalifanya tukipata mfadhili", mtajie hayo matatu kwa upole, kisha umwombe kitu kimoja tu ambacho hakina gharama.

Hatua ya 1: Hesabu watu, lakini uliza vizuri

Fomu nyingi za usajili zina swali moja: "Je, una ulemavu? Ndiyo / Hapana." Mwaka wangu wa kwanza kazini, waliojibu Ndiyo wangeenea kwenye bajaji mbili. Ukisimama getini asubuhi moja tu ungeona zaidi ya hao. Nilipomuuliza kijana mmoja mwenye ualbino, ambaye alikuwa akisoma ubao kwa kuupiga picha na kuikuza kwenye simu, kwa nini aliandika Hapana, alinijibu, "Mwalimu, mimi si mlemavu. Mimi sioni ubao."

Basi uliza anachokiona yeye. Je, unapata shida kuona hata ukivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka au kuwa makini? Kujihudumia? Kuwasiliana na watu? Majibu yawe manne: hapana, kidogo, sana, siwezi kabisa. Maswali ya namna hii hutumiwa na watakwimu hata kwenye sensa, kwa hiyo hakuna atakayesema umeyatunga. Mwisho ongeza mstari mtupu wenye swali hili: "Unahitaji nini ili usome na ufanye mtihani kama wenzako?" Mstari huo mmoja ulinipa kazi ya mwaka mzima.

Andika pia, palepale juu ya fomu, nani atayaona majibu na kwamba hayahusiani na udahili wala mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Orodha ya wanafunzi wenye ulemavu iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo "ili wahudumiwe" ni kosa, na nimeiona kwa macho yangu. Ukitoa takwimu za kundi lenye watu wachache, wanne au watatu, unganisha makundi, maana katika idara yenye wanafunzi sitini kila mtu atajua "yule mmoja" ni nani.

Kisha hesabu kitu ambacho vyuo havipendi kukihesabu, yaani nani anaondoka. Chukua orodha ya walioingia mwaka wa kwanza na ya waliohitimu. Gawa kwa jinsia, kwa wenye mkopo na wasio na mkopo, kwa waliopata hosteli na waliopanga mtaani. Angalia nani anarundikana kwenye sapu, yaani mitihani ya marudio, na nani anadisko, yaani anaondolewa chuo kwa kufeli. Idara inaweza kujisifu kwa kudahili wasichana wengi wa uhandisi, kumbe nusu yao imepotelea kwenye somo moja la semista ya pili, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini ni somo hilohilo kila mwaka.

Hatua ya 2: Udahili

Hapa sitakaa sana kwa sababu mengi yako mikononi mwa Tume ya Vyuo Vikuu na Seneti. Ila ukiitwa kwenye kamati, nenda na mifano miwili.

Makerere, mwaka 1990, waliamua kumwongezea kila msichana pointi 1.5 wakati wa udahili. Idadi ya wasichana ilipanda. Lawama nayo ikafuata: wengi walionufaika walikuwa wametoka shule nzuri za mjini, na yule wa kijijini ambaye shule yake haikuwa na maabara alibaki pale alipokuwa. Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipita njia nyingine katika miaka ya 1990. Wasichana waliokaribia alama za kuingia waliitwa mapema, wakafundishwa, wakapimwa, ndipo wakapokelewa. Mimi naipenda zaidi hii ya pili. Ni ghali, lakini msichana anaingia darasani akiwa na kitu mkononi, na hakuna wa kumwambia kwamba alibebwa.

Tena, tangu Novemba 2021 wasichana waliokatiza shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Wanaanza kugonga milango yetu sasa, wengine wakiwa na watoto. Je, hosteli zako zina kanuni gani juu ya mama mwenye mtoto wa miaka mitatu? Kama jibu ni "hatujawahi kufikiria", umeshapata ajenda ya kikao kijacho.

Hatua ya 3: Itembee njia ya mwanafunzi mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Tafuta mwanafunzi mmoja anayekubali, umlipe nauli na chakula cha mchana kwa sababu anakufanyia kazi, na utembee naye siku nzima. Toka naye hosteli, nenda naye mkahawani, darasani, maktaba, ofisi ya mikopo, zahanati, chooni. Chukua futi kamba na daftari. Usimsukume kwenye kitimwendo chake mpaka aombe, la sivyo hutaona kitu.

Siku yangu ya kwanza ya matembezi hayo ilikuwa na yule binti wa testi. Kutoka hosteli hadi ukumbi mkubwa wengine hutumia dakika nane. Sisi tulitumia thelathini na tano. Jengo lilikuwa na rampu, tena mpya, imepakwa rangi ya njano. Ilishuka vizuri hadi chini na kuishia kwenye mtaro wa maji ulio wazi. Mkandarasi alilipwa kujenga rampu, na rampu alijenga.

Basi pima. Kanuni ya rampu ni rahisi: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Mlango wenye ngazi tano za sentimita 15 uko juu kwa sentimita 75, kwa hiyo rampu yake inataka mita 9. Ukiona ya mita 3 mbele ya mlango kama huo, hiyo ni ya kupigia picha. Mtu hawezi kuipanda kwa mikono yake mwenyewe, na akishuka nayo ataanguka. Juu yake pawe na sehemu bapa ya kusimama, angalau mita moja na nusu, ili mtu aweze kufungua mlango bila kurudi nyuma. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 hivi.

Choo kinataka aya yake. Karibu kila jengo jipya lina choo chenye mchoro wa kitimwendo, na vingi vimefungwa kwa kufuli ili visichafuliwe. Ufunguo uko kwa mlinzi, mlinzi amekwenda kula. Toa nakala ya ufunguo kwa kila mwanafunzi anayekihitaji. Ni gharama ya fundi wa funguo pale stendi. Ukiwa chooni angalia na vyoo vya wanawake: kuna maji, kuna komeo la ndani, kuna ndoo yenye mfuniko ya kutupia taulo za kike? Msichana asiye na pa kutupia atarudi hosteli, na hatarudi kwenye kipindi cha saa nane.

Rudia matembezi usiku, saa mbili, baada ya maktaba. Mpe msichana wa mwaka wa kwanza akuongoze kwa njia anayopita yeye, si ile iliyochorwa kwenye ramani ya chuo. Hesabu taa zisizowaka. Nilipeleka orodha ya taa kumi na moja kwa idara ya majengo, kila moja na mahali ilipo, na ziliwashwa ndani ya wiki mbili. Miaka miwili kabla yangu kulikuwa na mapendekezo ya "kuboresha mazingira salama kwa jinsia zote" na hakuna balbu iliyobadilishwa. Fundi hawezi kubadilisha mazingira salama, anabadilisha balbu.

Hatua ya 4: Kaa na mpanga ratiba

Mpanga ratiba ana nguvu kuliko mkuu wa kitivo, na kwa kawaida hakuna anayemkumbuka ila siku ya kumlaumu. Mnunulie chai. Mpelekee, kabla semista haijaanza, orodha fupi isiyo na majina: darasa hili liwe chini, darasa lile lisipangiwe ukumbi wenye mwangwi kwa sababu kuna mwenye usikivu hafifu, na kundi fulani lisiwe na vipindi viwili mfululizo kwenye majengo yaliyo mbalimbali.

Ongeza mambo ya ibada. Ijumaa, kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu, Waislamu wako msikitini. Wasabato hawafanyi mtihani tangu jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi. Wahadhiri wetu wanapenda sana testi za Jumamosi asubuhi kwa sababu kumbi ziko wazi, na kila mwaka vijana walewale huja ofisini na barua ya mchungaji mkononi. Inaudhi mtu mzima kuomba ruhusa ya dini yake kila semista. Weka kanuni mara moja: testi ikiangukia Jumamosi, iwepo siku mbadala iliyotangazwa pamoja nayo, na anayeichagua asiulizwe maswali. Mwezi wa Ramadhani, usiweke testi saa kumi na mbili na nusu jioni wakati watu wanafuturu. Linaonekana dogo mpaka uwe wewe unayeshika kalamu na tende.

Na kuhusu kuhamisha kumbi: idara yangu ilikubali kanuni ya saa 48. Mahali pa testi pakibadilishwa chini ya muda huo, aliyeikosa hupewa nyingine bila kuandika barua. Ulikuwa mstari mmoja kwenye muhtasari wa kikao. Kuhamahama kulipungua kwa sababu mhadhiri hapendi kutunga testi mbili.

Hatua ya 5: Darasani na kwenye chumba cha mtihani

Anza na noti. Mwanafunzi asiyeona anaweza kusoma karibu kila kitu kwa kompyuta yenye programu ya kusoma skrini. Mojawapo, NVDA, hupatikana bure. Lakini programu kama hiyo haisomi picha vizuri, na PDF nyingi tunazogawa ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha kwa simu, nyingine zimepinda na kidole gumba kinaonekana pembeni. Jaribio lake ni la sekunde tano: fungua faili, jaribu kuchagua neno moja kama unayetaka kulinakili. Likikataa, mwanafunzi wako asiyeona amepokea ukurasa mweupe. Tuma faili la Word.

Mwenye ualbino anataka kiti cha mbele mbali na dirisha, maandishi makubwa ya pointi 18 au zaidi, na slaidi zitumwe kabla ya kipindi. Kiziwi anataka mkalimani wa lugha ya alama, na mkalimani anataka kuandaliwa. Mpe orodha ya istilahi za wiki hiyo, maana hawezi kuzua alama ya "mgawanyo wa kawaida" papo hapo mbele ya watu mia. Mhadhara wa saa mbili unataka wakalimani wawili wanaopokezana. Na wewe mhadhiri zungumza ukimtazama kiziwi mwenyewe, si mkalimani wake. Tena usiseme ukiandika ubaoni. Huo ushauri utawafaa hata wanaosikia.

Kwenye mtihani ndiko dhana ya usawa inakochanganya watu. Mhadhiri mmoja aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Wote nimewapa saa tatu, hakuna niliyempendelea." Anayesoma kwa nukta nundu anapitisha kidole herufi kwa herufi, na akitaka kurudi kwenye swali la kwanza inabidi alitafute tena kwa kidole. Saa tatu za wenzake si saa tatu zake. Baraza la Mitihani, NECTA, linawaongezea muda watahiniwa wasioona tangu sekondari. Haiwezekani mtu apewe muda akiwa kidato cha nne halafu anyang'anywe akifika chuo kikuu.

Karatasi ya nukta nundu inahitaji siku kadhaa kuandaliwa, kwa hiyo mhadhiri aiwasilishe mapema kuliko wenzake, na mwandishi wake aape kutunza siri kama anavyoapa mchapaji wa mitihani. Pasipo na karatasi hiyo, msomaji awe mtu anayelijua somo. Niliwahi kumkuta mwanafunzi wa takwimu kwenye korido, karani amekaa mbele yake akimsomea jedwali mstari kwa mstari, huku mashine ya kukata nyasi inanguruma nje. Karani alisoma "sigma", alama ya takwimu, kama jina la mtu. Kijana alikuwa anacheka, na mkono wake unatetemeka.

Kuna suala la lugha ambalo tunalikwepa. Wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, wakahamia Kiingereza kidato cha kwanza, na wamefika chuo wakiogopa kufungua mdomo. Anayeongea semina nzima ni yule aliyesoma shule ya kulipia, na tunamwita "mwenye akili". Jaribu hivi: toa swali, wape dakika tano wajadiliane wawiliwawili kwa lugha waitakayo, kisha waripoti kwa Kiingereza. Nilikuwa na binti aliyekaa kimya wiki saba; wiki ya nane, baada ya zile dakika tano, alimbomolea hoja msemaji mkuu wa darasa mpaka watu wakapiga meza. Utaratibu huohuo umewasaidia wenzetu kutoka Burundi na Kongo, ambao Kiswahili wanacho na Kifaransa wanacho, ila Kiingereza ndicho kinachowapiga chenga.

Na usiache wanafunzi wajigawe wenyewe makundi ya kazi. Watagawana kwa ukoo, kwa hosteli na kwa iPhone. Gawa wewe.

Hatua ya 6: Pesa kabla ya bumu

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kushuka stendi na sanduku moja na elfu thelathini ya mjomba. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, amepangiwa, lakini bumu lenyewe, yaani fedha ya kujikimu, halijaingia: kuna kusajili akaunti, kuna kusaini, kuna jina lililokosewa herufi. Wiki tatu za kwanza ndizo zinazoamua mengi. Anakwenda kubebana, yaani kulala watu wawili kitanda cha mmoja, au anakubali "msaada" wa mtu mzima mwenye gari. Tangu 2022 kiwango cha juu cha chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na hicho ni kwa anayekipata.

Fanya mambo matatu. Kwanza, ongea na mkahawa wa chuo ili uwe na kuponi za chakula kwa wiki hizo, zinazolipwa bumu likitoka, na zifanane na kuponi za watu wote, maana kuponi ya rangi tofauti hakuna atakayeichukua. Pili, afisa mikopo awe na meza nje, chini ya mti, siku za usajili, badala ya foleni inayozunguka jengo. Tatu, mhasibu asimzuie mtu kuingia kwenye mtihani kwa deni la ada wakati majibu ya rufaa yake ya mkopo hayajatoka. Hili la tatu litakugombanisha na watu wa fedha. Nenda na takwimu zako za Hatua ya 1, uwaonyeshe wangapi walizuiwa na wangapi kati yao mkopo uliingia mwezi uliofuata.

Hatua ya 7: Rushwa ya ngono

Huwezi kuzungumzia usawa chuoni ukaruka hapa. Katika Tanzania Bara ni jinai: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono au upendeleo mwingine ili atoe kile kilicho haki ya mtu. TAKUKURU, taasisi inayopambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113, bila malipo. Hayo yaandike kwenye mlango wa kila choo cha wanawake na cha wanaume, kwa ndani, mahali ambapo mtu anasoma peke yake na hakuna anayemwona akisoma.

Lakini mabango hayatoshi, punguza nafasi za kutendeka. Mitihani isahihishwe kwa namba, si kwa majina. Karatasi zinazoelekea kufeli zipitiwe na msahihishaji wa pili kabla matokeo hayajatoka. Alama za kozi zitolewe wiki kwa wiki, ili mwanafunzi asiambiwe siku ya mwisho kwamba "alama zako hazionekani, njoo ofisini jioni". Sentensi hiyo nimeisikia kwa wasichana wasiofahamiana, na wa miaka tofauti. Milango ya ofisi iwe na kioo. Msimamizi wa utafiti asipangwe na mtu mmoja, na mwanafunzi awe na haki ya kumbadilisha bila kueleza sababu.

Malalamiko yasipitie idarani. Mkuu wa idara ni rafiki, au ni mshindani, wa mlalamikiwa. Kwa vyovyote hafai. Yaende kwa watu wawili waliotajwa kwa majina, mwanamke na mwanamume, walio nje ya kitivo. Mlalamikaji akija kwako, msikilize hadi mwisho kabla hujaandika. Usimuulize alivaa nini wala kwa nini alikwenda. Mwambie asifute ujumbe wa simu, na asijaribu kuweka mtego peke yake. Mitego ni kazi ya TAKUKURU. Kama kumetokea ubakaji, hospitali kwanza, ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, asioge wala kufua nguo kabla ya hapo, na mpeleke Kituo cha Mkono kwa Mkono kama kipo karibu, ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana mahali pamoja.

Mwaka mmoja niliipeleka kesi kwa utaratibu wa zamani, kupitia idara. Ndani ya siku mbili jina la binti lilikuwa hosteli zote. Aliahirisha mwaka. Hakurudi, na kosa hilo ni langu pia.

Hatua ya 8: Wafanyakazi

Kwa ufupi. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ahakikishe angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni wenye ulemavu. Omba idara ya rasilimali watu ikupe namba yake kwa maandishi. Ukimya nao ni jibu. Kwenye kupandisha vyeo, angalia nani anajazwa kwenye kamati za ustawi, sherehe na nidhamu. Mara nyingi ni wanawake, na saa hizo hazihesabiwi kama makala. Na tangazo la kazi linalotaka "mwenye umri usiozidi miaka 35" humwacha nje mwanamke aliyelea watoto kabla ya uzamivu.

Hatua ya 9: Tafuta mstari kwenye bajeti

Kitu kisicho na kasma hakipo. Usiombe "fedha za ujumuishi". Omba wakalimani wawili kwa wiki thelathini, karatasi nzito za nukta nundu, kitimwendo kimoja cha ziada cha dharura, nakala ishirini za funguo. Kila kitu kiwe na bei na jina la atakayeulizwa kisipofanyika. Muda wa kuomba ni pale idara zinapokusanya makisio, kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai; ukija Agosti utaambiwa pole.

Ule mtaro wa mbele ya rampu ya njano ulifunikwa. Tuliandika "mfuniko wa zege, mita 1.5 kwa 1, mmoja", tukaambatisha picha, na idara ya majengo ikaufanya Alhamisi moja, fundi na msaidizi wake, kabla ya saa sita. Sasa tunabishana nao kuhusu ngazi za maktaba, na wamesema nilete vipimo.